Mama Mdogo na Mashine ya Vumbi

Hapa Bariadi vumbi halihitaji kutambulishwa. Mvua zikishakwisha na malori ya pamba yakaanza kupita, linaingia ndani bila hodi, linakaa kwenye kochi kama mgeni asiyeaga, na ukilifuta asubuhi, jioni limerudi. Dawa yake tumeirithi kwa bibi zetu: unanyunyiza maji kidogo uwanjani, unainama, unafagia. Basi ukimwambia mtu wa huku kwamba unaandika historia ya mashine ya kufyonza vumbi, atakucheka. Mshikaji wangu mmoja alinicheka kweli. "Yaani umekosa cha kuandika? Andika mapenzi bwana, watu wasome!"

Mimi nikasema hapana. Mashine hii ina historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kiko Somanda, chini ya kitanda cha mama yangu mdogo.

Mama mdogo aliondoka nyumbani akiwa binti, akaenda Mwanza kufanya kazi za ndani. Mwaka 1994 mwajiri wake, mgeni kutoka Ulaya, alifungasha kurudi kwao. Kiinua mgongo hakikuwepo. Alichomwachia ni dude la chuma lenye mpini mrefu, waya mrefu kuliko mpini, na mfuko wa kitambaa unaoning'inia mgongoni. Mama mdogo akapanda nalo basi kupitia Lamadi, amelipakata kama mtoto mgonjwa. Kondakta akamuuliza: "Mama, hilo bomba la kupulizia dawa ya pamba ni la aina gani? Mbona halina tangi?"

Basi zima likacheka. Lakini kondakta hakukosea sana, kwa sababu historia yenyewe ilianza na kupuliza.

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda kutazama maonyesho ya mashine mpya ya usafi jijini London. Mashine ile ilipuliza upepo ili vumbi liruke. Kweli liliruka, halafu likatua tena palepale. Booth akauliza: kwa nini isivute badala ya kupuliza? Akaambiwa haiwezekani. Siku chache baadaye, akiwa mgahawani, aliweka mdomo wake kwenye kiti cha kitambaa akavuta pumzi kwa nguvu. Akapaliwa nusura akose hewa, lakini alikuwa ameshapata jibu. Mwaka huohuo akaandikisha hataza yake. Mashine yake ilikuwa kubwa kama gari la maji; ilikokotwa na farasi, ikasimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward wa Saba kuvikwa taji. Kama huna jumba wala zulia, mashine ile haikukuhusu.

Aliyeileta mashine mikononi mwa mtu mmoja alikuwa mfagiaji. Naomba msomaji usimame hapa kidogo. James Murray Spangler alikuwa mzee anayefanya usafi kwenye duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na kila akifagia mazulia kifua kinambana. Mwaka 1907 akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunga pamoja. Foronya ndiyo ikawa mfuko wa vumbi. Hataza akapewa mwaka 1908, ila fedha za kuendesha kiwanda hakuwa nazo, akamuuzia William Hoover, fundi wa hatamu za farasi ambaye biashara yake ilikuwa inatishwa na magari. Spangler alifariki mwaka 1915. Leo Waingereza wakitaka kusema "fyonza vumbi" wanasema "hoover". Jina la mnunuzi limekuwa kitenzi, na jina la mfagiaji wanalijua wachache.

Dude la mama mdogo ni mjukuu wa foronya ile. Kwa miaka mingi lilikaa chini ya kitanda, kwani nyumba yetu ilikuwa na mkeka mmoja, na umeme tuliuona kwa majirani. Tulipovuta umeme, mama mdogo akawaza akili ya biashara. Akaenda kukaa jirani na vijana wanaoosha magari: wao wanaosha nje, yeye anafyonza viti ndani. Dude lile lilisomesha watoto wawili mpaka kidato cha nne. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na ule wa 2011, ulimkalisha kibarazani siku nzima, waya mkononi, kama mvuvi anayesubiri samaki kwenye mto mkavu.

Hapo ndipo inapoingia mashine ya pili. Mwaka 2021 binamu yangu alirudi kutoka Dar na boksi alilonunua Kariakoo. Ndani mna mashine isiyo na waya, nyepesi, inang'aa, ukiibonyeza inalia kama nyuki. Lile la zamani lina uzito wa kilo 8 hivi. Hii haifiki 3.

Mashine hizi nazo zina ukoo wao. Mwaka 1979 kampuni ya Black & Decker ilitoa kidude cha mkononi kinachotumia betri, kikaitwa Dustbuster. Ni kampuni ileile iliyokuwa imetengeneza drili ya betri ya kutobolea mwezini kwa ajili ya safari za Apollo. Lakini betri za wakati ule zilikuwa dhaifu. Zilitosha kuokota makombo ya mkate tu. Mwaka 1991 Sony wakaingiza sokoni betri ya lithiamu, na taratibu mambo yakabadilika. Betri nyingi za ukoo huo zina kobalti ndani, na kobalti nyingi duniani inachimbwa kwa jirani zetu Kongo, pande za Kolwezi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Mwingereza James Dyson aliona kwenye kiwanda cha mbao koni kubwa inayozungusha hewa mpaka vumbi linajitenga lenyewe na kuanguka chini. Akataka koni hiyo iingie ndani ya mashine ya nyumbani. Alijaribu mara 5,127 kabla ya kuridhika, na mwaka 1993 akaanza kuuza mashine yake isiyo na mfuko kwao Uingereza. Sasa wewe kijana wa Simiyu, koni hiyo hujaiona? Pita nje ya kiwanda cha kuchambua pamba chenye mitambo ya kufyonza. Pamba inavutwa kwa bomba, hewa inatolewa nje, na koni za bati zinazungusha hewa hiyo ili vumbi lianguke. Kiwanda cha namna hiyo ni mashine ya kufyonza vumbi yenye ukubwa wa shule. Na waliofanya kazi humo bila kuziba pua wanaujua ugonjwa wa kifua unaoletwa na vumbi la pamba.

Mwaka 2018 kampuni ya Dyson ilitangaza kwamba haitatengeneza tena mashine mpya za waya. Mota yao ya mwaka ule inazunguka mara 125,000 kwa dakika. Betri yake inakaa hadi dakika 60 ukiiendesha kwa nguvu ndogo; ukiikaza mpaka mwisho ni dakika chache tu.

Basi nikakusudia kuandika makala ya kusifu ukuukuu. Hoja ninazo. Dude la zamani likizimika, tunalipeleka kwa fundi sokoni. Anafungua skrubu nne, anakuta kaboni zimekwisha, anaweka nyingine za drili alizozichonga kwa tupa, linawaka. Mkanda ukikatika, anakata mpira wa ndani wa baiskeli. Mota ikiungua, anasuka waya upya. Ile mpya ilipofikisha mwaka mmoja na nusu, ilianza kufanya kazi dakika sita na kuzima. Fundi akaigeuza, akaigeuza tena, akamwambia mama mdogo: "Mama, hii imegundishwa. Nikiifungua naivunja." Betri nyingine inaagizwa Dar, na bei yake inakaribia ya mashine nzima. Si unaona? Ya zamani ina tumbo linalofunguka. Mpya ina tumbo la siri.

Nikaenda Somanda na karatasi zangu, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Wewe umewahi kulisukuma?"

"Hapana, mama."

"Basi usilisifie. Lete mkono." Akaushika mkono wangu, akauweka nyuma ya kiuno chake. "Hapa ndipo lilipokuwa linakaa, miaka yote ya Mwanza. Na kikohozi je, unadhani nilikitoa wapi? Ule mfuko wa kitambaa unashika mchanga. Vumbi laini linatoka, linakurudia usoni. Hii ndogo ina chujio, sikohoi. Umeme ukikatika nafanya gari moja. Kwangu mimi gari moja ni ugali."

"Kwa hiyo mpya ni bora?"

"Mwanangu, mimi nataka hii nyepesi, halafu fundi aweze kuifungua. Kwani hilo ni gumu?"

Nilikaa kimya, kwa kuwa miaka zaidi ya mia ya historia niliyosoma haikuwa imeniuliza swali hilo. Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu akionyesha kuwa mashine za nyumbani hazikuwapumzisha akina mama kama matangazo yalivyodai. Zulia lililokung'utwa mara chache kwa mwaka, na familia nzima ikasaidia, likawa linafyonzwa kila wiki na mwanamke mmoja. Mama mdogo hajakisoma kitabu hicho, lakini anakumbuka kwamba Mwanza alitakiwa kufyonza kila siku "kwa sababu mashine ipo".

Kwa hiyo makala ya kusifu ukuukuu nimeichana. Sikuichana kwa sababu hoja ya fundi ni ya uongo. Ni kweli tupu, na kila mashine iliyogundishwa inamnyang'anya fundi wa Bariadi ugali wake. Niliichana kwa sababu nilikuwa nimeiandika nikiwa nimekaa. Wanaopenda mashine za kale kwa uzuri wake mara nyingi ni wale ambao hazikuwahi kuwauma mgongo. Spangler aliunga foronya na mota kwa sababu kifua kilikuwa chake.

Nawe unayetaka kuandika historia, usianze na jina lililopigwa chapa ubavuni mwa mashine. Anza na mkono ulioshika mpini.

Dude bado liko chini ya kitanda, waya umezungushwa vizuri. Nilimuuliza mama mdogo kwa nini haliuzi. Akacheka. "Ndicho kiinua mgongo changu hicho. Kikiondoka, nitasema nilifanya kazi wapi?"