Amana ya Dola Moja: Watunzi Mashuhuri na Soko la Vitabu Visivyo Karatasi

Tangu vitabu vilipoanza kupigwa chapa, baina ya mtunzi na msomaji wake pamekaa msururu wa watu: mchapishaji, mpiga chapa, msafirishaji, mwenye duka. Kila mmoja ana kazi yake na kila mmoja ana fungu lake, na mwenye kalamu aghalabu ndiye agawiwaye mwisho. Si ajabu, basi, kwamba kila kilipozuka chombo kipya walitokea watunzi wenye majina makubwa wakajaribu kuuruka msururu huo na kumkabili msomaji uso kwa uso. Kitabu cha kielektroniki ndicho chombo cha karibuni, lakini swali lililokuja nacho ni la kale: je, msomaji asiyeonwa na mtu atalipa?

Washairi walitangulia katika njia hiyo. Mwaka 1713 Alexander Pope, malenga wa Kiingereza, alitangaza kwamba angeutafsiri utenzi wa Iliad wa Homer, akawaomba wapenzi wa ushairi wajiandikishe na kulipia. Juzuu sita zilitoka baina ya 1715 na 1720, kila moja kwa gini moja. Mchapishaji wake, Bernard Lintot, hakuondoka kabisa, lakini nakala za waliojiandikisha zilikuwa mali ya Pope mwenyewe. Faida iliyomfikia ilipita pauni 5,000, akaweza kuishi kwa kalamu yake pasi na kumpigia magoti mfadhili yeyote.

Karibu karne tatu baadaye zamu ilimwangukia Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha wa jimbo la Maine, Marekani. Mnamo Juni 1999 aligongwa na gari akitembea kando ya barabara, na katika miezi ya kuuguza mifupa yake akaandika hadithi fupi iitwayo Riding the Bullet. Mchapishaji wake, Simon & Schuster, aliitoa tarehe 14 Machi 2000 kwa njia ya intaneti pekee, kwa dola 2.50. Siku ya kwanza iliagizwa zaidi ya mara 400,000, ingawa baadhi ya maduka ya mtandaoni yaliigawa bure. Kufuli la kielektroniki lililowekwa kuilinda halikudumu. Lilivunjwa baada ya siku chache tu.

King alijifunza mambo mawili katika tukio hilo: kwamba wasomaji wapo, na kwamba kufuli halifai kitu. Tarehe 24 Julai mwaka huohuo alianza kuuza riwaya yake The Plant kupitia tovuti yake mwenyewe, bila ya mchapishaji na bila ya kufuli. Kila sehemu iliuzwa kwa dola moja, na msomaji aliweza kuipakua kwanza kisha akalipa, au asilipe. Sharti lilikuwa moja, nalo lilitangazwa wazi: asilimia 75 ya wanaopakua wakilipa, hadithi itaendelea, wakipungua, itakoma.

Hadithi yenyewe ilikuwa na kejeli ndani yake. Inasimulia, kwa njia ya barua na kumbukumbu za ofisini, juu ya mmea wa ajabu unaoletwa katika kampuni ya uchapishaji na kuanza kuitambalia. Haikuwa mpya kabisa. Katika miaka ya 1982, 1983 na 1985 King alikuwa amechapa sehemu zake za mwanzo kuwa vijitabu, akawapelekea marafiki zake badala ya kadi za Krismasi. Kazi iliyozaliwa kama zawadi sasa ilikuwa imeingia sokoni.

Mwanzo ulitia moyo. Katika wiki ya kwanza sehemu ya kwanza ilipakuliwa zaidi ya mara 150,000, na takriban asilimia 76 ya mara hizo zililipiwa. Kisha mwezi hadi mwezi idadi ya wasomaji ikapungua, na waaminifu miongoni mwao wakapungua pia. Ilipofika sehemu ya nne, iliyopandishwa bei hadi dola mbili, waliolipa walikuwa asilimia 46 tu. Mwishoni mwa Novemba King akatangaza kwamba angepumzika ili kumaliza kazi nyingine. Sehemu ya sita ilitoka Desemba 2000, bila ya malipo, na hadi leo hakuna ya saba.

Magazeti yalisema jaribio limeanguka. Hesabu aliyoitoa King mwenyewe ilionyesha vingine: baada ya kuondoa gharama alibaki na zaidi ya dola 460,000, kwa hadithi isiyokwisha, isiyopigwa chapa wala kupakiwa garini. Lakini fedha si hesabu pekee. Waungwana walisema ahadi ni deni, na hapa ahadi zilikuwa mbili. Wasomaji wengi hawakuitimiza yao, na mtunzi, kwa mujibu wa sharti lake, akafungukiwa na yake. Waliobaki na hasara ni wale waliolipa kila sehemu kwa wakati wake. Hao hawakumdhulumu mtu, nao hawakuuona mwisho wa hadithi. Sharti lililomlinda mtunzi dhidi ya wadanganyifu halikuwa na nafasi ya kumlinda msomaji mwema.

Wakati huohuo swali jingine lilifika mahakamani New York: ni nani mwenye haki ya kuuza kitabu kwa umbo la kielektroniki, ikiwa mkataba uliandikwa kabla ya umbo hilo kujulikana? Mwaka 2001 kampuni ya Random House iliishtaki RosettaBooks, iliyopewa idhini na Kurt Vonnegut, William Styron na Robert B. Parker kuuza vitabu vyao kwa kompyuta. Julai mwaka huo Jaji Sidney Stein alikataa kuizuia RosettaBooks, akisema kwamba haki ya kuchapa kazi katika umbo la kitabu, kwa maana ya mikataba ile, haikujumuisha umbo la kielektroniki. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2002. Mtunzi mwenye mkataba wa zamani akagundua kwamba alikuwa na mali ambayo hakuwahi kuiuza.

J. K. Rowling wa Uingereza aliishika haki hiyo mkononi mwake. Tarehe 27 Machi 2012 alifungua duka lake, Pottermore, likiuza vitabu saba vya Harry Potter kwa umbo la kielektroniki, na hata Amazon ilibidi iwaelekeze wanunuzi huko. Kila nakala ilitiwa alama ya siri ya kuonyesha ilikotoka, pasipo kumfungia msomaji mlango. Hata hivyo, kufikia mwaka 2015 vitabu hivyo vilianza kuuzwa katika maduka mengine pia, maana hata jina kubwa huhitaji kwenda walipo watu.

Machi 2022 Brandon Sanderson, mwandishi wa riwaya za kubuni wa Marekani, alitangaza kwamba alikuwa ameandika riwaya nne kwa siri, akawaalika wasomaji wazilipie mapema kupitia Kickstarter, kwa umbo la kielektroniki, la sauti au la karatasi. Mwisho wa mwezi watu zaidi ya 185,000 walikuwa wameahidi zaidi ya dola milioni 41. Tofauti yake na King haikuwa umaarufu. Yeye alikuja sokoni na kazi iliyokwisha kuandikwa, kama Pope alivyokuja na utenzi ambao kila mtu alijua una mwisho. Msomaji aliyelipa hakuhitaji kuwategemea majirani zake ili aufikie ukurasa wa mwisho.

Pwani ya Waswahili haikosi kuguswa na habari hizi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ulienea kwa kunakiliwa kwa mkono, pasi na duka. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, shilingi chache huweza kumfikia mtunzi kwa simu kabla chai haijapoa. Njia ya kulipa ipo. Kilichobaki ni kile alichokitafuta King kwa dola moja: msomaji atakayelipa pasipo kuonwa, na mtunzi ambaye, akishapokea amana hiyo, atamfikisha mwisho.