Karatasi za Oicha Ziko Illinois

Anayetaka kuandika historia ya matibabu katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, ataanzia Oicha, kaskazini mwa mji wa Beni, na kabla hajafika mbali atahitaji viza ya Marekani. Oicha ndiko Carl Becker, daktari wa Africa Inland Mission aliyefika Kongo mwaka 1929, alikojenga hospitali msituni, na kando yake kambi ya wakoma iliyotibu maelfu. Kumbukumbu za misheni hiyo zimehifadhiwa Wheaton, jimbo la Illinois. Hakuna aliyeziiba: wamisionari waliandikia kwao, na kwao wakazitunza.

Wauguzi wa Kikongo waliandika pia, tena kila siku: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Ila wao waliandika kwenye rejista. Rejista ikijaa huwekwa kabatini, kabati likijaa huhamishiwa stoo, na stoo ina mchwa.

Mwaka 1964 uasi wa wapiganaji walioitwa Simba ulimkimbiza Becker. Baada ya vita, misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana kujenga hospitali na shule ya wauguzi Nyankunde, karibu na Bunia. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyewahi kushikwa mateka na waasi hao, alirudi mwaka 1966 na kufundisha hapo hadi 1973. Ameacha vitabu. Wanafunzi wake wameacha diploma, nyingi zikiwa zimefungwa ndani ya masanduku ya familia.

Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliivamia Nyankunde. Human Rights Watch ilikadiria kuwa watu wasiopungua 1,200 waliuawa katika siku zilizofuata, baadhi yao wagonjwa waliokuwa vitandani. Hospitali iliporwa. Walionusurika walipita msituni kwa miguu hadi Oicha, kule kule Becker alikojenga hospitali, kisha kazi na masomo vikaendelea Beni. Mtu anayekimbia risasi hubeba mtoto, habebi rejista.

Halafu ikaja Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Katika vituo vya Ebola karatasi iliyoingia kwa wagonjwa haikutoka tena, kwa hofu ya virusi. Muuguzi alisimama kwenye uzio akisoma namba kwa sauti, mwenzake wa upande wa pili akiandika. Wagonjwa 681 wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo walishiriki utafiti ulioonyesha dawa mbili zinazookoa maisha. Matokeo yalichapishwa Marekani mwaka 2019, jina la kwanza likiwa la daktari Mkongo, Sabue Mulangu. Hiyo ni hatua, lakini nani anakumbuka majina ya wauguzi wa uzioni?

Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kitivo cha tiba na hospitali yake. Kwa maoni yangu, hapo panafaa kuanzia kazi ya kuzitunza karatasi hizi nyumbani. Haihitajiki mashine ya gharama kwanza. Chahitajika chumba kikavu, rafu, na mtu mmoja anayeshika ufunguo na kujua rejista ipi ina siri za wagonjwa zisizopaswa kuonwa na kila mtu.

Nawe msomaji, kama nyumbani kuna picha ya darasa la Nyankunde, andika nyuma yake majina ya waliosimama, kuanzia kushoto, wakati mzee anayewajua bado yupo.