Muswada wa "Eliya" na mikono uliyopitia

Mmoja wa watu waliosaidia kujulikana kwa mahali zilikofichwa nota za Mozart, Beethoven na Mendelssohn baada ya Vita vya Pili vya Dunia hakuwa mwanamuziki. Peter Whitehead alikuwa mtaalamu wa samaki jamii ya dagaa katika makumbusho ya viumbe ya London, na watu wa Nyanza wana haki ya kumdai kidogo, maana miaka ya 1950 aliandika kuhusu uvuvi wa mito ya Nyanza, Kenya. Alichokuwa akikisaka ni michoro ya karne ya 17 ya samaki na viumbe wengine wa Brazil, mali ya maktaba kuu ya Berlin iliyotoweka vitani. Katika kuifuatilia akagundua kwamba michoro hiyo ilisafirishwa pamoja na nota. Mwaka 1976 akaandika habari zake katika jarida la wakutubi wa muziki wa Marekani: mzigo ule haukuteketea, uko Kraków, Poland.

Ndani ya mzigo huo ulikuwamo muswada wa "Eliya", oratorio kuhusu nabii wa Biblia, alioandika Felix Mendelssohn kwa mkono wake.

Oratorio ni kisa cha dini kinachoimbwa mwanzo hadi mwisho na kwaya, waimbaji pekee na okestra, bila maigizo wala mavazi ya jukwaani. Uingereza ya Malkia Victoria iliupenda muziki huo kupita kiasi. Kila mji wenye viwanda ulitaka tamasha lake, na Birmingham, ambayo mapato ya tamasha lake yaliendesha hospitali ya mji, ilimwagiza Mendelssohn kutoka Ujerumani awaletee kazi mpya, ndiyo "Eliya". Tarehe 26 Agosti 1846 alisimama mbele ya wapigaji 125 na waimbaji 271. Sauti ya alto katika kwaya iliimbwa na wanaume, wenye ndevu zao. Joseph Staudigl, mwenye besi nzito, aliyeimba sehemu ya Eliya, akainuka kabla okestra haijapiga utangulizi wake, akatangaza laana ya ukame: hapatakuwa na umande wala mvua. Utangulizi ulifuata baada ya laana. Huo ni uamuzi wa mtunzi anayejua kushika watu masikio, kwa sababu ukumbi mzima unabaki ukisikiliza ala huku ukiisubiri njaa. Siku hiyo vipande 8 vilibidi virudiwe kwa shangwe.

Mendelssohn mwenyewe hakuridhika. Alirudi Leipzig akaanza kufuta. Sehemu ya mjane wa Sarepta akaiandika upya. Wimbo wa malaika uliokuwa wa sauti mbili akaufanya wa sauti tatu za kike zisizo na ala. Aprili 1847 akairudisha kazi hiyo London, na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia, akaandika kwa mkono wake sifa za mtunzi katika kijitabu cha maneno alichokuwa nacho ukumbini, kisha akampelekea. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo Mendelssohn akafariki, ana miaka 38.

Tangu hapo "Eliya" ikaenda njia mbili. Ya kwanza ni ya chapa. Kampuni ya Ewer ya London iliichapisha, na mwaka 1867 Ewer ikamezwa na Novello, mabingwa wa nota za bei rahisi. Fundi wa kiwandani akaweza kuwa na nakala yake, akaandika jina lake ndani ya jalada na kutia alama za penseli pale pa kuvuta pumzi. Nao utaratibu wa kuandika nota kwa herufi, d r m, uliosambazwa na mchungaji John Curwen enzi hizohizo, ndio huohuo ambao kwaya zetu bado zinajifunzia nyimbo Ijumaa jioni.

Njia ya pili ni ya muswada wenyewe, nayo ina vituko. Familia iliutunza pamoja na karatasi nyingine za marehemu, kisha mwaka 1878 ikaukabidhi mkusanyiko huo kwa Maktaba ya Kifalme ya Berlin. Malipo hayakuwa fedha mkononi: serikali ilikubali kuanzisha tuzo ya kuwasomesha wanamuziki vijana. Sijui mauzo mengine ya nota yaliyofanywa kwa adabu kiasi hicho.

Halafu wakaja Wanazi. Mendelssohn alibatizwa utotoni, lakini ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, na hilo lilitosha. Muziki wake ulipigwa marufuku, na Novemba 1936 sanamu yake mjini Leipzig ikang'olewa usiku. Mabomu yalipoanza kuanguka Berlin, serikali hiyohiyo ikafungasha miswada ya maktaba, ya Mendelssohn ikiwamo, na kuihamishia Silesia: kwanza kasri la Fürstenstein, kisha abasia ya Grüssau. Kwa hiyo taifa lililokataza "Eliya" isiimbwe lilitafuta magari na makreti kuhakikisha haiungui. Wakutubi walifanya kazi yao. Yaliyobaki aulizwe mwanasiasa.

Mwaka 1945 mpaka wa Ujerumani na Poland ulihama. Grüssau ikawa Krzeszów, ndani ya Poland, na wenye nchi wapya wakayahamishia makreti Kraków, katika Maktaba ya Jagiellonia. Kwa miaka mingi hakuna aliyekiri hadharani kuwa yapo. Mwaka 1977 kiongozi wa Poland, Edward Gierek, alimpa Erich Honecker wa Ujerumani Mashariki miswada michache kama zawadi, ukiwamo wa opera ya Mozart, "Filimbi ya Ajabu". "Eliya" haikuwa katika fungu hilo.

Wajerumani wanataka mali yao irudi. Wapoland nao hawajasahau kwamba Oktoba 1944 majeshi ya Ujerumani yaliichoma moto Maktaba ya Krasiński ya Warszawa pamoja na miswada yake, na mimi nawaelewa wanapouliza nani atawalipa hasara ile. Mazungumzo yamefanyika mara kadhaa bila mwafaka. Mtafiti anayetaka kuzipitia karatasi za Mendelssohn zilizotolewa na familia huanza Berlin, zilikobaki nyingine, kisha hupanda treni kwenda Kraków kuomba kufunguliwa "Eliya".