Jumatatu ya Mauti

Juzi nilipita kwenye banda la gemu mtaani kwetu. Nje kuna bango, jamaa kashika bunduki, uso umetapakaa damu. Ndani watoto wa shule ya msingi wamejazana, yunifomu hata hawajavua. Gemu lile likiuzwa dukani Marekani kasha lake lina herufi M, maana yake ni la miaka 17 kwenda juu. Hapa bandani kasha lenyewe halipo. Nikabaki najiuliza, hivi hiyo herufi ilikujaje?

Wengi watakwambia ugomvi ulianza na Mortal Kombat. Si kweli. Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ya California ilitoa Death Race, mashine ya kutumbukiza sarafu. Unaendesha gari, unagonga vijitu. Ukikigonga kimoja kinapiga ukelele na pale pale panabaki msalaba wa kaburi. Picha zenyewe ni vijiti vyeupe, leo ungecheka. Exidy wakajitetea kwamba vile si watu, ni vijini tu. Magazeti yakapiga kelele, televisheni zikadakia, na mauzo yakapanda! Nadhani hapo ndipo wafanyabiashara wa gemu walipong'amua kuwa kelele ni tangazo la bure.

Sasa njoo 1992. Midway wa Chicago wanatoa Mortal Kombat, ambamo mshindi anaweza kumng'oa mwenzake moyo, au kichwa pamoja na uti wa mgongo ukining'inia. Acclaim, waliolileta gemu hilo majumbani, walimwaga dola milioni 10 kwenye matangazo na siku ya uzinduzi, 13 Septemba 1993, wakaibatiza Jumatatu ya Mauti. Tangazo la televisheni lilionyesha makundi ya vijana wadogo wakikimbia mitaani huku wakilipaza jina la gemu. Hakuna mtu mzima aliyelengwa pale.

Nintendo walidai damu iondolewe, basi kwao ikageuzwa kuwa kitu kama jasho. Sega waliificha tu: ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani, inarudi. Mpangilio wenyewe ulichapishwa kwenye majarida ya gemu, kila mtoto akaukariri. Toleo la Sega likaliacha mbali la Nintendo kwa mauzo.

Tarehe 9 Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl wakawaita wakubwa wa kampuni hizo Washington. Ilikuwa aibu. Nintendo anamnyooshea kidole Sega, Sega anamrudishia, na vipande vya damu vikionyeshwa mbele ya kamera za nchi nzima. (Exidy wangetamani bahati kama hiyo!) Maseneta wakatoa onyo: jipangieni wenyewe alama za umri, la sivyo serikali itawapangia. Ndipo 1994 ikazaliwa bodi ya ESRB, na herufi M ikaja nayo. Mwaka huo huo Nintendo wakauza Mortal Kombat II, damu bwerere. Herufi iliyotafutwa kuibana damu ikawa kibali chake.

Lakini bado hakuna aliyeuliza swali nililoona mimi ni la msingi: tangazo lenyewe anaonyeshwa nani? Liliulizwa baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999. Rais Clinton akaiagiza Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ichunguze. Septemba 2000 tume ikatoa ripoti, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Walikagua magemu 118 yenye alama ya M kwa sababu ya ukatili. Magemu 83, yaani asilimia 70, yalikuwa yametangazwa kwa walio chini ya miaka 17. Tena mipango ya matangazo ya 60 kati yake ilitaja watoto waziwazi, kwa maandishi! Tume ikatuma watoto wa miaka 13 hadi 16 madukani peke yao. Mara 85 kwa kila 100 waliuziwa.

California ilijaribu kuzuia mauzo hayo kwa sheria ya 2005, iliyosainiwa na Gavana Arnold Schwarzenegger (ndiyo, yule yule wa Terminator). Juni 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa kwa kura 7 kwa 2: gemu lina haki ya kujieleza kama kitabu. Kama mwandishi wa habari siwezi kugombana sana na hukumu hiyo.

Kinachonikaa kooni ni tangazo la mwaka huo huo. Kampuni ya EA iliwakusanya akina mama zaidi ya 200, ikawaonyesha vipande vya kutisha vya Dead Space 2, gemu la M, na kurekodi nyuso zao zikikunjamana kwa kinyaa. Ujumbe ulikuwa kwamba mama yako analichukia gemu hili. Sasa niambie, ndugu msomaji: mtu aliyetimiza miaka 17, mwenye hela yake mfukoni, mama yake kuchukia gemu kunamhusu nini?