Sindano Katika Historia

Ewe msomaji, ukifungua kitabu cha historia wakuta humo habari za wafalme, vita na mikataba. Ni nadra kukuta habari za sindano. Lakini sindano iliyoshikwa nyumbani na mkono wa mama imefanya mambo makubwa, nayo yastahili kupewa nafasi yake. Nifuate nikuonyeshe mifano miwili, mmoja wa bara na mmoja wa pwani, kisha upime mwenyewe.

Tuanzie Sericho, katika Isiolo, nchi kavu ambako maji ya mto Ewaso Nyiro huenda yakipotea katika kinamasi cha Lorian. Waborana wa huko waliishi kwa kufuata malisho, na mtu ahamaye hajengi kwa mawe. Nyumba yao ilikuwa ya fito zilizopindwa, zikavikwa mikeka ya nyasi na nyuzi za miti. Mjenzi alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyekata nyasi, akasokota nyuzi, akaunganisha kipande na kipande hata mkeka ukatosha kuwa paa. Siku ya kuhama aliivunja nyumba, akaipakia juu ya ngamia, akaisimamisha tena mahali pengine.

Usidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Vidole vilichubuka, mgongo uliuma, na mchwa waliweza kuharibu kwa muda mfupi kilichoshonwa kwa siku nyingi. Hata hivyo ilikuwa na furaha yake. Wanawake walifanya kazi huku wakizungumza, wasichana walijifunza kwa kutazama, na aliyemaliza alijua kwamba wanawe watalala pakavu. Palipotoboka palitiwa kiraka. Basi nyumba haikuwa kuukuu kabisa wala mpya kabisa. Ilizeeka kidogo kidogo na kufanywa upya kidogo kidogo.

Sasa tuteremke pwani, ambako wanawake nao waliunganisha vipande, ingawa kwa haja nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, maduka ya Unguja na Mombasa yaliuza vitambaa vidogo vya mraba vilivyoitwa leso, neno lililotoka kwa Wareno. Vilikuja vikiwa vimeshikamana katika jora moja. Yasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso sita pamoja, wakazikata tatu tatu, kisha wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana ya kujifunga. Nguo hiyo ilipendeza mno. Wafanyabiashara walipoona hivyo, waliagiza nguo ya namna ile ile iliyopigwa chapa nzima, isiyo na mshono katikati. Ndiyo kanga tuijuayo. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilipata sifa kubwa kwa biashara hiyo. Hata leo watu wengi wa Kenya huiita kanga leso, ijapokuwa haishonwi tena kwa vipande. Mshono umetoweka, jina limebaki kuwa shahidi.

Tazama basi jinsi kazi mbili za nyumbani zilivyofikia mwisho kwa njia mbili. Wengi husema kwamba mashine ndiyo adui wa kazi ya mkono. Hofu hiyo ni ya zamani: mwaka 1831 washonaji wa Paris walivamia karakana ya Barthélemy Thimonnier wakavunja cherehani zake, wakiogopa kunyang'anywa riziki. Na mshono wa leso kweli ulikomeshwa na kiwanda. Lakini ulikoma kwa sababu ulishinda, kwa kuwa kiwanda kiliiga wazo la wanawake wale.

Huko Isiolo mambo yalikuwa mengine. Hapakuwa na mashine iliyokuja kushona nyumba. Vilikuja vita vilivyoitwa vya Shifta, tangu 1963 hadi 1967. Watu wengi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikafa au ikachukuliwa, ngamia wakiwa miongoni mwao. Mkeka ulikuwa umeshonwa ili upandishwe juu ya ngamia. Ngamia alipokosekana, na mwenye nyumba alipolazimika kukaa mahali pamoja, udongo na mabati vilianza kuchukua nafasi ya nyasi. Sindano haikushindwa katika kazi yake, iliondolewa kazi.

Kwa hiyo ni haki kusema kwamba kazi ya mkono haifi kwa uvivu wa vijana peke yake, kama wazee wasemavyo mara nyingi. Huweza kufa pia kwa kupotewa na kitu ilichokitumikia. Mwanahistoria hana budi kuuliza sababu ni ipi kabla ya kulaumu.

Na wewe, msomaji, wajibu wako ni upi? Kanga imeacha jina lake katika vinywa vya watu na mifano yake katika maduka. Maarifa ya mkeka yamo vidoleni mwa wanawake wazee. Keti karibu na nyanya yako, mwenye mkeka au mwenye mfarishi wa viraka. Muulize nyasi zilikatwa wapi, nani alimfundisha, na mkeka wa mwisho ulikwenda wapi. Andika majibu yake kabla hujasahau. Hicho kitakuwa kipande kimoja tu. Lakini paa la nyumba nalo lilianza kwa kipande kimoja.