Kumtunza mzee nyumbani: Haki zake na wajibu wa familia

KATIBA ya Kenya iliyoidhinishwa mwaka wa 2010 humtambua mzee kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60. Kifungu cha 57 humhakikishia haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia yake na serikali. Katika sensa ya 2019, Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7.

Wengi wao huishi mashambani ilhali watoto wao wanatafuta riziki mijini. Makao ya kutunzia wazee ni machache, na jamii nyingi huona aibu kumpeleka mzazi huko. Hivyo basi, mzigo huu huangukia nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kubainisha anayoyaweza mzee na yanayomshinda: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani na kuinuka kitandani. Asaidiwe katika yanayomshinda pekee, kwani anayefanyiwa kila kitu hupoteza nguvu upesi.

Kuanguka ni hatari kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio huathirika zaidi. Penye choo cha nje, njia yake isawazishwe na kuwekewa taa, na mti imara wa kushikilia utiwe ukutani. Usiku, ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda humwepusha na safari ya gizani.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu aandaliwe ratiba ya dawa, na mtu mmoja awajibikie kuifuata. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo atapata vidonda mgongoni, makalioni na visiginoni.

Mzee anayepotea njia au kurudia swali lile lile huenda anaugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na apelekwe hospitalini. Ujinga kuhusu hali hii una gharama: katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi.

Mtunzaji naye asisahauliwe. Aghalabu ni binti au mke wa mwana, asiyelipwa wala kupumzika. Ndugu walio mbali wakubaliane nani atatoa fedha na nani atashika zamu. Wakiajiri mtu, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Kwa upande wa serikali, mpango wa Inua Jamii huwapa waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari mnamo 2023, huzuru maboma.

Hata hivyo, fedha hizo hazitoshi kumwajiri mtunzaji. Ndiposa mashauriano ya familia yafaa kufanywa mapema, mzee mwenyewe akiwapo na kusikizwa, kabla maradhi hayajawaamulia.