Upangishaji wa nyumba Sumbawanga na Ufipa

Upangishaji wa nyumba katika Manispaa ya Sumbawanga na miji midogo ya uwanda wa Ufipa, kama Namanyere, Matai na Laela, kwa sehemu kubwa umo mikononi mwa watu wenye nyumba moja au mbili: chumba na sebule hapa, vyumba vya uani pale, pengine na fremu ya duka inayotazama barabara. Wapangaji ni watumishi wa umma, wanafunzi wa vyuo, madereva na wanunuzi wa mahindi. Mahitaji yaliongezeka pale barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa takribani kilomita 224, ilipowekwa lami kwa ufadhili wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani.

Shughuli yote huzunguka pango la mkupuo. Mpangaji hutakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na dalali huchukua chake juu ya hapo. Wapangaji huliona jambo hili kama uonevu, nao wana hoja. Lakini kwa mwenye nyumba asiye na dhamana ya kukopea, mkupuo huo ndio benki yake: pango la chumba cha kwanza hupandisha ukuta wa cha pili.

Benki hiyo ina kalenda yake. Mvua za Ufipa hunyesha takribani Novemba hadi Aprili. Tofali hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na fedha za mahindi huanza kuonekana baada ya mavuno. Pango linalolipwa Januari humkuta mwenye nyumba katikati ya masika, ada za shule na mbolea zikimsubiri. Mjenzi mzoefu hununua bati na nondo papo hapo, si saruji, ambayo huvuta unyevu na kuganda stoo. Dari nayo si pambo. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai humfanya mpangaji aangalie juu kabla hajauliza bei.

Mgogoro mgumu kuliko yote huletwa na uhamisho. Mwalimu aliyelipa mwaka anapata barua ya kuhamia mkoa mwingine mwezi wa tano, naye anadai salio lake. Fedha imeshakuwa tofali. Baadhi ya wenye nyumba humruhusu atafute mtu wa kumalizia muda wake, wengine huahidi kumrejeshea mpangaji mpya atakapopatikana. Njia zote mbili zinafaa zikiandikwa siku ya kuingia. Zikianza kujadiliwa siku ya kufunga mizigo, huwa ugomvi.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja ufanywe hata kwa mdomo, na ndiyo maana makubaliano mengi huishia barazani kwa kupeana mikono. Pasipotajwa muda, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha malipo, na notisi hufuata kipindi hicho. Mpangaji ana haki ya kukaa bila kubughudhiwa kwa muda aliolipia. Kung'oa mlango au kumkatia umeme humtia hatarini mwenye nyumba mwenyewe. Bei ya pango sasa ni ya makubaliano, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Jambo linalosahaulika ni Sheria ya Ndoa ya 1971: kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Familia inayohamia shambani na kuiachia wapangaji nyumba ya mjini iweke sahihi mbili.

Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Anayedaiwa ni mmiliki, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, manung'uniko yake si madogo, hasa katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, ambamo mwenye friji na mwenye taa moja hugawana bili sawa. Mita ndogo ya kila chumba huondoa kelele nyingi, na kukata kiasi cha kodi hiyo kwenye pango huondoa zilizobaki. Kwa fremu za biashara kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji mfanyabiashara huikata kwenye pango na kuiwasilisha TRA. Mwenye fremu asiyeijua huona kama amepunjwa.

Mashauri huanzia kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, ingawa hao hawana mamlaka ya kuhukumu. Tangu marekebisho ya sheria mwaka 2021, baraza la ardhi la kata nalo husuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko huulizwa mkataba, risiti na uthibitisho wa umiliki. Kwa miji midogo swali la mwisho ndilo zito, kwa kuwa viwanja vingine vilinunuliwa vikiwa bado ardhi ya kijiji, kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa mtendaji, na jina lililo kwenye karatasi hiyo mara nyingine ni la marehemu.